Uzito wa Gunia Tupu

Ratili alikuwa amekataa kiti mara mbili. Si kwa kiburi. Tangu rundo la magunia ya mahindi limporomokee ghalani, miezi kumi na minne iliyopita, kila akikaa, moto huchomoka kiunoni ukateremka hadi kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akisimama hupungua, akisimama sana hurudi. Kwa hiyo alikuwa akizungukazunguka chumbani mwa daktari wa bima kama mtu aliyepoteza funguo.

"Mzee, tulia basi nikuandike."

"Andika tu, mwanangu. Hata nikitembea nakusikia."

Picha hazikuonyesha kitu. Mshipa wa fahamu hauna adabu ya kujitokeza kwenye picha, na kampuni za bima zina imani kubwa na vinavyojitokeza. Lilibaki swali moja: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni kiasi gani?

Mkewe, aliyekuwa akimsubiri ukumbini, alikuwa amemfunza jibu tangu asubuhi: tisa. Lakini Ratili alikuwa amepima nafaka kwa miaka thelathini na mmoja, na jina lenyewe, la kipimo cha uzito, alibandikwa na wachukuzi kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu wala kumzidishia. Alifumba macho, akayapima maumivu. Nane. Kisha, kwa mazoea, akatoa uzito wa gunia tupu, kama afanyavyo mizanini: hata kabla ya ajali kiuno kilikuwa kikimsumbua kidogo, tuseme mbili.

"Sita," alisema.

"Na kabla ya ajali, mgongo ulikuwa na shida yoyote?"

"Kidogo. Mbili."

Daktari aliandika, akagonga muhuri, akamkabidhi nakala. Ukumbini mkewe aliisoma kwa sauti. Maumivu: sita. Kuondoa ya zamani: mbili. Yatokanayo na ajali: nne. Chini, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: fidia hailipwi chini ya tano.

"Nne! Kwani wewe unawadai au unawasamehe?"

Ratili alikuwa ameshausukuma mlango tena.

"Daktari, umetoa gunia mara mbili."

"Gunia gani, mzee?"

"La zamani. Mimi nilishalitoa kichwani. Sita ni nafaka peke yake. Pamoja na gunia ni nane." Ghalani, karani aliyerudia kosa hilo alifukuzwa kazi.

Daktari alivua miwani. "Mzee wangu, kila anayesoma yale maandishi ya chini, maumivu yake hupanda."

"Yangu hayajapanda. Wewe ndiye uliyeyashusha."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilisikika sawasawa na uongo. Ratili mwenyewe alilisikia hivyo.

Muhuri haukuweza kufutwa. Alipewa karatasi aeleze kwa mkono wake. Ingeambatishwa, na kamati ingeamua. Aliandika amesimama ukumbini, karatasi ikiwa ukutani, akibadilisha mguu kila mstari. Alipofika kwenye tarakimu, kalamu ilisita. Kusimama kote huko kulikuwa kumeyafikisha maumivu tisa kamili. Angeandika tisa asingekuwa amedanganya.

Lakini wakati wa kupimwa yalikuwa nane. Akaandika nane.

"Umeweka ngapi?" mkewe aliuliza.

"Nane."

"Na sasa hivi yako ngapi?"

"Tisa."

"Watu wameolewa na waume," mkewe alisema. "Mimi nimeolewa na mizani."

Ratili alikuwa ameshaanza kutembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, na kurudi.