Wimbo wa Safu Nne

Chiriku alikuwa amejiandaa, hilo hakuna wa kumnyima. Wiki tatu nzima hali pilipili, hanywi cha baridi, na kila alfajiri majirani waliamshwa na sauti yake ikipanda na kushuka, mkono mmoja tumboni kuhakikisha pumzi inatokea kunakotakiwa. Mbele ya kioo cha kabati alishajua tabasamu litaanza ubeti upi na mkono wa kushoto utainuka kwenye neno gani. Gauni lilipigwa pasi, likatundikwa, likashushwa likapigwa pasi tena. Jambo lenyewe alilivalia njuga. Kitu kimoja tu hakukifanya, nacho ni kwenda kuwasikiliza watu aliokuwa anakwenda kuwaimbia.

Asubuhi aliuza vifungo na zipu katika duka la vifaa vya ushonaji. Jioni na siku za mapumziko aliimba popote alipoitwa, kwenye mahafali, harusi na ufunguzi wa maduka ya simu. Watu walimpigia makofi kisha wakarudi kwenye sahani zao. Kila mara alirudi nyumbani akijiuliza amekosea wapi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: afanye mazoezi zaidi. Basi akaongeza mazoezi.

Mama yake alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Miaka ishirini na sita alisimama katika ukumbi uleule, safu ya tatu, akiangalia mashine sita na kufunga nyuzi zilizokatika. Sasa kiwanda kilikuwa kinafungwa. Mashine zilishapata mnunuzi, na Ijumaa ya mwisho wafanyakazi walikuwa wamepewa nusu saa ya kuagana ukumbini, baada ya mitambo kuzimwa na kabla ya mafundi kuingia kuing'oa.

Ni lazima uelewe kelele za ukumbi ule. Mashine mia saba na kitu zikigonga kwa pamoja, mtu hata akikupigia ukelele sikioni hutamsikia. Wafumaji walizungumza kwa midomo. Waliumba maneno na wenzao wakayasoma. Na waliimba hivyohivyo. Walikuwa na wimbo wao, hakuna aliyejua nani aliutunga, uliogawanywa kwa safu nne za mashine. Safu ya kwanza iliuliza: *Uzi umekatika, nani kaukata?* Ya pili ikajibu: *Si mimi, si mimi, nilikuwa nafunga.* Ya tatu: *Funga taratibu, siku bado ndefu.* Ya nne ikamaliza: *Siku ndefu, nguvu fupi, tutafika.* Kisha ya kwanza ikaanza ubeti upya. Kila safu ilitazama midomo ya safu iliyotangulia, ile ikifumba, wao wakafumbua. Mkongwe alimfundisha mgeni wa safu yake sauti ya mstari wao pale nje, wakati wa kula. Lakini safu zilikula kwa zamu na kutoka kwa zamu, maana mashine hazisimami. Kwa hiyo wanawake wale waliimba wimbo mmoja maisha yao yote ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia mzima.

"Ijumaa mashine zitakuwa kimya," mama alimwambia Chiriku, huku akikohoa kile kikohozi chake cha vumbi la pamba. "Tutausikia. Mara moja tu, mwanangu. Aliyekuwa anatuanzishia alifariki mwaka juzi, na waliobaki safu ya kwanza wanaogopa. Wewe utuanzishie. Shika mstari wa kwanza, sisi tutaingia."

"Nitawaanzishia, mama. Usiwe na shaka."

"Na atakuwepo mtangazaji wa redio, anakuja kurekodi."

Hapo sasa! Kuanzia neno hilo masikio ya Chiriku yakafanya kazi nusu. Mama aliendelea kueleza, binti akaendelea kuitikia, lakini akilini alishavuka kiwanda, yuko studio, amevaa vile visikilizio vikubwa.

Gita lingepigwa na baba yake mdogo, fundi wa makochi, aliyewahi kuzunguka na bendi kwa miaka kumi na mitano kabla mgongo haujamkatalia. Walifanyia mazoezi karakanani kwake, yeye amekaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi nje. Chiriku aliimba mistari yote minne peke yake, ameupandisha juu kabisa pale sauti yake inapong'aa, na kwenye ubeti wa mwisho akaupandisha tena.

Baba Mdogo akaacha kupiga.

"Unauimba vizuri mpaka unaudhi," alisema. "Sasa wao wataingia wapi?"

"Wataingia tu, ba'mdogo."

"Kwa ngazi? Huko juu hawafiki. Wakishuka chini yako, ni chini mno. Mama zako wana vifua vya pamba wale. Halafu umejibu maswali yote mwenyewe. Umeuliza wewe, umejibu wewe, umemaliza wewe. Wao umewaachia nini?"

"Nitawaimbia. Watasikiliza."

"Nani kakwambia wanataka kusikiliza?" Alilaza gita mapajani. "Mimi kila mahali nilipopiga, nilikwenda kwanza mchana. Nakaa kwenye kiti cha msikilizaji, nauliza watu wa hapo wanapenda kuimba au kutazama, wanachoka saa ngapi. Siku nyingine nilibadilisha nusu ya nyimbo. Kesho saa sita safu ya tatu wanakula pale kwenye ukuta wa kiwanda. Twende tukae nao, tuwasikie wanashika sauti ya wapi. Nusu saa tu."

"Kesho nina miadi ya nywele."

Baba Mdogo alimtazama, akatikisa kichwa, akachukua gita. Alikuwa mzee wa kusema mara moja. Kuna watu tunawalaumu kwa kuongea sana, lakini siku ile ningemlaumu yeye kwa kunyamaza.

Ijumaa saa nane mchana mitambo ilizimwa. Wafumaji walikusanyika kila mmoja kwenye safu yake, wengine wamekalia vikasha vya nyuzi, wengine wamesimama palepale waliposimama miaka yote. Ukimya uliwachanganya. Waliendelea kupiga kelele kwa mazoea, kisha wakashtuka na kucheka, wakafunika midomo. Mwanamke mmoja wa safu ya pili alimwambia mwenzake wa safu ya tatu, "Kumbe una sauti nene hivyo, dada! Miaka yote nakudhania una kisauti." Wakacheka hadi machozi. Meneja alisoma hotuba yake upesiupesi, na hakuna aliyekumbuka neno. Mtangazaji, kijana mwenye fulana iliyobana, alisimamisha kinasa sauti chake mbele ya Chiriku, akajifunga visikilizio, akainua kidole gumba.

Wanawake wakavuta pumzi. Ukumbi mzima ulisikika ukivuta pumzi.

Chiriku akaanza. *Uzi umekatika, nani kaukata?* Ilikuwa sauti safi, inapanda bila kutetemeka, ikagonga paa la mabati na kurudi. Safu ya pili walifungua vinywa waingie. Hawakuiona njia. Mmoja alijaribu juu, sauti ikampasukia, akanyamaza kwa aibu. Wengine walijaribu chini, wakanguruma kidogo na kuacha. Na kabla hawajajipanga Chiriku alishawajibia: *Si mimi, si mimi.* Akaendelea na mstari wa safu ya tatu, akapitiliza hadi wa nne, mkono wa kushoto ukainuka pale ulipopangiwa.

Baba Mdogo alifanya alichoweza. Mwisho wa ubeti wa kwanza alikawiza gita, akashusha sauti, akamkonyeza: shuka, shuka nao. Chiriku akamtolea macho. Mbele ya kinasa sauti! Akashika palepale pake, na mzee ikabidi amfuate.

Kwenye ubeti wa pili aliwatazama watu, kama alivyojifunza kuwa mwimbaji lazima atazame watu. Akaona midomo yao yote inacheza. Safu kwa safu, kwa mpangilio, midomo inafumbuka na kufumbwa bila sauti. Moyo ukamjaa. Nimewashika, alijisemea. Wamepigwa na butwaa. Furaha ile ikampandisha, na ubeti wa mwisho akautoa kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzifikia hata bafuni.

Makofi yalikuwa mengi, tena ya kweli. Wanawake wale hawakuwa na hiana, walijua kazi nzuri wakiiona. Wengine walimkumbatia, wakamwambia Mungu amzidishie. Mtangazaji alimvuta pembeni, uso umemchangamka.

"Dada, umetisha. Jumatatu uje studio, nina kipindi kinakufaa. Tena rekodi imetoka safi, hakuna kelele hata kidogo. Nilihofia hao wamama wangeingilia."

"Wangeingilia?"

"Nilisikia wanaanza anza pale mwanzoni, bahati nzuri wakaacha."

Chiriku alicheka naye, lakini kicheko kilimwishia njiani. Aligeuka kumtafuta mama yake. Alimkuta safu ya tatu anavua gauni la kazi, analikunja taratibu kama anayelirudisha dukani.

"Umeimba vizuri sana, mwanangu," mama alisema.

"Mbona hamkuingia?"

"Tulikuwa tunasubiri zamu yetu." Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ingekuwa nafuu. "Hatukuipata. Ikabidi tuimbe vilevile tunavyoimba siku zote. Si kitu."

Hapo Chiriku akaelewa. Ile midomo. Aliona tena safu zote nne, midomo inacheza, macho yanatazamana, wanawake mia moja na ishirini wakiimba wimbo wao kimya katika ukumbi usio na mashine inayonguruma, kwa sababu kelele safari hii ilikuwa yeye.

"Turudie," alisema. "Mama, waite! Nitaanza chini, nitaimba mstari wa kwanza tu, basi. Jamani, subirini! Turudie!"

Aliimba vizuri lakini hakujua kuita watu. Wengine waligeuka, wakadhani anawaaga, wakampungia mkono. Mafundi walishaingia na spana zao ndefu, na fundi mkuu alikuwa anawahimiza watu watoke, nusu saa imeisha. Safu ya nne, waliokuwa karibu na mlango, walikuwa wa kwanza kutoka, na wengi wao walikaa mbali na walikuwa na magari ya kuwahi. Chiriku alikimbia hadi getini akiwa na viatu mkononi, gauni limeshika grisi. Aliwakuta sita wa safu ya pili wanaagana, akawasihi. Walimtazama kwa huruma.

"Mpenzi, gari letu lile," mmoja alisema. "Usilie. Umetuimbia vizuri mno."

Wakapanda.

Baba Mdogo alipita na gita begani. Alisimama kidogo. Akamshika Chiriku bega, kisha akaenda zake.

Mama alitoka wa mwisho, kifurushi kwapani. Walitembea kando ya ukuta wa kiwanda, mama akisimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Walipofika kwenye benchi la saruji, alikaa. Chiriku alikaa naye. Ndani nyundo zilikuwa zimeanza, lakini mbali, zinasikika kidogo tu.

"Niimbie mstari wenu, mama."

"Siwezi kuuanza. Mimi najibu. Mstari wetu haujawahi kuanza."

Chiriku alisogea karibu. Akaanza, chini safari hii, chini kabisa mahali ambapo sauti yake haina uzuri wowote, inakwaruza kama ya mtu yeyote aliyetoka kazini. *Uzi umekatika, nani kaukata?* Halafu akanyamaza. Ilimuuma kunyamaza, mdomo ulitaka kuujibu, akauuma. Waliusubiri mstari wa safu ya pili upite wote, kimya, mama akihesabu kwa kidole gotini. Ulipokwisha, mama akaingia.

*Funga taratibu, siku bado ndefu.*

Sauti yake ilikuwa nyembamba, imechakaa, lakini ilishuka palepale pake, haikukosea hata unywele. Chiriku hakuwahi kuijua sauti ile. Miaka yote alikuwa akimwimbia mama yake, na hakuwahi kumwomba aimbe.

Wakasubiri tena. Mama aliinua uso akatazama barabara, kule magari yalikoelekea, shingo ameinyoosha, kama mtu anayetega sikio. Mwanamume mmoja alipita na baiskeli, akawatazama, akaendelea na safari yake. Kidole cha mama kiligonga goti mara ya mwisho, kikatulia.

"Safu ya nne walikuwa wengi," mama alisema. "Thelathini na wawili. Wengine vijana kabisa. Niliwatazama midomo miaka ishirini na sita, nikawa najiuliza wakiimba wana sauti gani wale."

Jumatatu Chiriku hakukosa studio. Tusimdanganye mtu, alikwenda, na wimbo ukapigwa redioni, na watu wakaupenda. Unapigwa hata sasa, mara kwa mara. Ukipigwa mama huongeza sauti, husikiliza hadi mwisho, na humsifu binti yake kwa yeyote aliyepo. Lakini safu ya nne wana sauti gani, hadi leo hajui.