Kisigino cha Kulia

Mpira wa gofu ulipoondoka, Mama Reki hakuutazama. Aliitazama miguu ya binti yake, Twiga.

Moja, alihesabu moyoni. Hakufika mbili. Mguu wa kulia wa Twiga ulikuwa umeshachomoka majanini na kukanyaga mbele, kama wa mtu aliyesukumwa mgongoni kwenye foleni. Mpira nao ukajipinda kulia, ukapita juu ya vichaka, ukazama kwenye banka, lile shimo la mchanga ambalo Mama Reki mwenyewe alikuwa amelisawazisha juzi asubuhi.

"Umeyumba tena," alisema.

"Nimeona."

"Ukimaliza kupiga, unasimama kama mlingoti mpaka mpira utue. Nakuhesabia tatu. Leo hata mbili hujanifikisha."

"Mama, nimeona."

Twiga alimrudishia fimbo bila kumtazama, akaanza kushuka mteremko kwa miguu yake mirefu iliyompa jina hilo tangu shule ya msingi. Mama Reki akaubeba mfuko wa fimbo, akamfuata.

Siku ile ilikuwa ya mtihani. Kiwanja cha gofu kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kufundisha watoto, na meneja alikuwa amemwekea Twiga nafasi hiyo mpaka jioni ile. Sharti lilikuwa moja: apate cheti, na cheti hakipatikani bila kumaliza mashimo kumi na nane kwa mapigo yasiyozidi themanini. Mtu hupewa majaribio matatu. Mawili Twiga alikuwa ameshayapoteza. Akilipoteza la tatu, atarudi kukunja taulo kwenye duka la kiwanja, kazi aliyoifanya miaka minne, na watoto watafundishwa na mtu mwingine huku yeye akiwatazama kupitia dirishani.

Yalikuwa yamebaki mashimo matano. Kabla ya pigo lile alikuwa na mapigo ishirini na moja ya kuyamalizia. Mchezaji mzuri huyamaliza kwa ishirini. Akiba yake ilikuwa pigo moja, basi.

Mama Reki hakuwahi kupiga mpira wa gofu maishani mwake. Kazi yake kwa miaka kumi na miwili ilikuwa kufyeka, kumwagilia, na kusawazisha mchanga kwa reki baada ya wachezaji kuuchafua. Lakini mtu anayefuta nyayo za watu kila siku mwishowe hujifunza kuzisoma. Alijua nani analemea mguu wa kushoto, nani anasimama vidoleni kama mwizi, nani ana goti bovu na anajifanya hana. Siku hiyo alikuwa kedi wa binti yake, mbeba mfuko, kwa sababu kanuni zinamruhusu kedi peke yake kumshauri mchezaji. Na alikuwa ameshauri tangu shimo la kwanza. Usiinue kichwa. Punguza haraka. Kaa kwenye visigino. Kadiri alivyoshauri, ndivyo mtoto alivyozidi kuyumba.

"Mama, leo umembebea mfuko au umembebea kipaza sauti?" aliuliza Kibonge, yule mtahiniwa mwingine waliyepangwa naye, mwanamume mnene mwenye jasho jingi na maneno mengi zaidi. "Mimi kedi wangu nimemkataza kuongea. Ndiyo maana nacheza vizuri."

"Kedi wako ni mkokoteni," alisema Mama Reki.

"Ndiyo maana nampenda."

Nyuma yao alitembea msimamizi wa mtihani, kimya, karatasi mkono mmoja na saa mkono wa pili.

Twiga aliingia kwenye mchanga, akachimbia viatu vyake mpaka vikashika, akapiga. Mpira uliruka pamoja na wingu la mchanga, ukadondoka kwenye grini, pale penye majani yaliyonyolewa kabisa na bendera. Bahati. Akausukuma mara mbili, ukaingia. Mapigo manne. Akiba yake ilikuwa bado ipo.

Mama Reki alibaki nyuma kusawazisha banka. Aliishika reki iliyolazwa pembeni, akainama, kisha mikono ikasimama.

Mchanga ulikuwa na unyevu kidogo, na nyayo za Twiga zilikuwa zimechapwa vizuri kama muhuri. Wa kushoto ulikuwa sawa, kisigino na vidole vimezama kina kimoja. Wa kulia ulikuwa umezama mbele tu. Kisigino kilikuwa kimeugusa mchanga kwa shida, kama cha mtu aliyevaa kiatu kirefu cha kwenda harusini.

Aliutazama kwa muda ambao hakupaswa kuutumia. Angekuwa anainua kichwa, au ana haraka, miguu yote miwili ingesema hivyo, kwa sababu mwili ukienda mbele huenda wote. Huu ulikuwa mguu mmoja. Mguu mmoja si kichwa wala si haraka. Mguu mmoja ni kiatu.

Na kiatu alikijua. Jana mchana kilikuwa mapajani mwake. Soli ya ndani ilikuwa imelika kisiginoni mpaka maji yanapenya. Fundi viatu alitaka siku mbili. Mama Reki akasema siku mbili za nini, yeye ana mikono. Akakata mkanda mkuukuu vipande viwili, akavibandika kisiginoni kimoja juu ya kingine, akakipiga nyundo, akakipitisha kwa wenzake jikoni kiwanjani wakione. Asubuhi Twiga alikivaa, akatembea hatua kumi na kusema, "Mama, hiki cha kulia nakisikia vingine." Naye akamjibu mbele ya watu, "Kiatu kikitengenezwa lazima kilie. Kitakuzoea."

Nyani haoni kundule. Mama Reki aliisema methali hiyo kwa watu wengine karibu kila wiki.

Aliuburuza mchanga, nyayo zikafutika, akatoka.

Njia ya kwenda shimo la kumi na tano ilikuwa fupi. Angeweza kusema hapo. Mdomo ulifunguka kabisa, halafu akamwona Kibonge, akamwona msimamizi, akayakumbuka mashimo kumi na matatu ya kumgombeza mtoto kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kulikuwa na njia rahisi zaidi, aliona. Kumrekebisha bila kukiri.

"Ukisimama," alisema, "lalia kisigino cha kulia. Kilalie hasa."

Twiga aligeuka. "Cha kulia tu? Kwa nini?"

"Fanya ninavyokuambia."

Akafanya. Shimo lilikuwa fupi, la pigo moja mpaka kwenye grini kwa mtu aliyesimama vizuri. Lakini mwili hauwezi kudanganywa pande mbili kwa wakati mmoja. Kiatu kilimsukuma mbele, ushauri ukamvuta nyuma, na fimbo ikachota udongo kabla ya kuufikia mpira. Mpira ulijikokota, ukalala nusu ya njia. Mama Reki hakuwa na cha kuhesabu.

Mapigo manne kwenye shimo la matatu. Akiba ikaisha. Sasa yalibaki mashimo matatu na mapigo kumi na matatu, na mapigo kumi na matatu ndiyo hasa yaliyohitajika.

"Na mnachelewa," alisema msimamizi, hayo yakiwa maneno yake ya kwanza tangu saa tatu. "Hilo ni onyo kwa binti. Zamu yake ikifika ana sekunde arobaini. Akizipita, naongeza pigo."

Walikwenda shimo la kumi na sita. Twiga alitembea mbele. Alikuwa anachechemea kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona, na mama yake alijiuliza ni tangu shimo la ngapi. Mama Reki alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na alikuwa amezika mume, amelea watoto watatu na amefukuza nyoka kwenye banka kwa mpini. Hakukumbuka kuwahi kuogopa sentensi.

"Keti juu ya mfuko," alisema walipofika. "Vua kiatu cha kulia."

"Nini?"

"Ni kiatu. Nimekiinua kisigino jana nilipokitengeneza. Kinakusukuma mbele. Si wewe."

Twiga alikaa. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Nilikuambia asubuhi."

"Uliniambia."

"Ukasema kitanizoea."

"Nilisema."

Kiatu kikatoka. Mama Reki alipiga magoti, akachomoa mfukoni kisu kifupi anachong'olea magugu, akakiingiza chini ya soli ya ndani. Gundi aliyoisifia jikoni ilikuwa gundi kweli. Ilishika kama deni. Msimamizi aliitazama saa.

"Ni nani anaanza?" aliuliza.

"Mimi," alisema Kibonge.

"Basi anza."

"Naanza." Kibonge alipanda mahali pa kupigia, akausimika mpira, akarudi nyuma hatua mbili. Akaivua glavu. Akaichungulia ndani. "Glavu hii ina mdudu."

"Una sekunde arobaini kama yeye."

"Nazijua, mzee. Huyu mdudu ndiye asiyezijua." Akaipuliza kidole kimoja kimoja, polepole, bila kumtazama mtu yeyote.

Kipande cha kwanza kilitoka kikiwa kizima. Cha pili kilichanika, kikabaki nusu. Mama Reki alikikwangua kwa ncha ya kisu.

"Umejua lini?" aliuliza Twiga, kwa sauti ya chini.

Angeweza kusema "sasa hivi".

"Kwenye mchanga. Shimo la kumi na nne."

Twiga aliitazama njia waliyotoka. Alikuwa anahesabu, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Shimo la kumi na nne, kisha la kumi na tano. "Kumbe kisigino cha kulia," alisema. "Kumbe ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo."

Kibonge alipiga. Mpira wake ukaenda vizuri, naye akashuka akijifuta jasho.

"Binti," alisema msimamizi. "Zamu yako."

Twiga alichomeka mguu ndani ya kiatu, akafunga kamba kwa fundo moja, akasimama. Alikanyaga chini mara mbili. Maji ya kumwagilia yaliyobaki kivulini yalipenya kwenye tundu na soksi ikalowa, ilionekana usoni.

"Mama."

"Naam."

"Usiseme kitu tena. Na usinihesabie. Hata moyoni, nakusikia."

"Sawa."

Alipiga. Mama Reki aliitazama miti. Alisikia mlio mkavu, mmoja, na baada ya hapo hakuna kishindo cha mguu. Shimo hilo lilimalizika kwa mapigo matano. La kumi na saba kwa manne, ingawa sukumo la mwisho lilizunguka ukingo wa tundu kama paka anayechagua pa kulala kabla ya kuingia. Katika muda huo wote mbeba mfuko alitoa fimbo alizoombwa, akazipokea, akazifuta. Hakuna aliyewahi kumwona Mama Reki akinyamaza nusu saa. Kibonge alimwangalia kwa wasiwasi, kama mtu anayeangalia sufuria iliyoacha kuchemka.

Shimo la mwisho. Mapigo manne.

Pigo la kwanza lilikuwa refu na zuri, lakini mpira ulibingirika ukaishia kwenye ubavu wa kilima, mahali ambapo Mama Reki mwenyewe hupafyeka kwa uangalifu maana mashine imewahi kumponyoka hapo. Twiga ilimbidi asimame juu, mpira ukiwa chini ya miguu yake. Mahali pale pia humvuta mtu mbele. Hata mwenye viatu vizima huporomoka.

Alisimama. Akahamisha miguu. Akaihamisha tena. Mbele ya grini kulikuwa na maji. Msimamizi aliinua mkono wenye saa.

Mama Reki alikuwa na maneno saba tayari kooni, na yote yalikuwa ya kweli: kunja magoti kidogo, usikimbilie, acha tako nyuma. Ameshaona watu mia wakipigia pale, na ameshafuta nyayo zao. Aliushika mkanda wa mfuko kwa mikono miwili, akaukaza mpaka vidole vikauma, akayameza. Safari hii hakuitazama miti. Aliitazama miguu.

Twiga alikunja magoti mwenyewe. Akaacha tako nyuma mwenyewe. Fimbo ikapanda, ikashuka, ikapita, na kisigino cha kulia kikainuka kwa wakati wake, kikageuka juu ya kidole, kikatulia. Alibaki hivyo, kwenye mteremko, mikono juu ya bega, soksi imelowa.

"Moja," alisema Twiga kwa sauti. Mpira ulikuwa juu ya maji. "Mbili."

Ukatua upande wa pili. Ukadunda, ukapanda kwenye grini, ukasimama.

"Tatu."

Alikuwa bado amesimama.

Alihitaji kuusukuma mara mbili, akausukuma mara mbili. Ya pili ilikuwa fupi kiasi cha urefu wa kiatu, naye aliichukulia muda wake wote, sekunde thelathini na nane kwa saa ya msimamizi. Msimamizi aliandika, akajumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Themanini.

"Hongera, mwalimu," alisema Kibonge, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na sabini na tisa. Akamgeukia Mama Reki. "Na wewe mama, unaweza kuongea sasa. Usije ukapasuka."

Mama Reki aliuweka mfuko chini. Twiga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi, amevua kiatu cha kulia, anakamua soksi. Kisigino chake kilikuwa na lengelenge lililopasuka, jekundu, kubwa kama kifungo cha koti. Mama yake aliliangalia. Akakaa ngazi ya chini yake, akauchukua ule mguu, akauweka mapajani mwake na kuufuta kwa kitambaa cha fimbo.

"Lile pigo la shimo la kumi na tano," alisema hatimaye, "lilikuwa langu."

"Lilikuwa lako."

"Na mengine ya nyuma."

"Na hayo."

Twiga hakuuondoa mguu. Baada ya muda aliokota kiatu, akampa.

"Kesho kipeleke kwa fundi."

"Anataka siku mbili."

"Mpe siku mbili, Mama."

"Nitampa," alisema Mama Reki.