Mama Uzi Aliposema Bado

Kwanza tuelewane: Mama Uzi hakuwa na roho ya korosho. Wanaosema hivyo hawakuwahi kumwona akipunguza chakula kwenye sahani yake ili fundi mwenye njaa apate. Lakini siku yule mwanamke wa moto alipoingia karakana na mabuti yake, akamwita "wifi" hata kabla ya kuulizwa katokea wapi, Mama Uzi alimpima kwa macho kuanzia mabuti hadi utosini. Wifi! Nani kampa undugu?

Karakana ilikuwa ya mumewe, na kazi yao ilikuwa kunyoosha vyuma vya mitambo mikubwa. Greda limegonga mwamba, buldoza limeporomoka, ekskaveta imebingirika bondeni: kipande kilichopinda kinafunguliwa, kinaletwa pale na kulazwa juu ya vigogo vya chuma, kisha mume anakikaba kwa minyororo, anakisukuma kwa jeki na kukigonga kwa nyundo mpaka kisalimu amri. Nguvu alikuwa nazo. Macho ndiyo hakuwa nayo, maana miaka ya kuchomelea bila kioo, akijifanya kidume, ilikuwa imeyamaliza.

Basi macho yake yalikuwa mkewe. Uzi mwembamba hufungwa kutoka ncha hii ya chuma hadi ncha ile, ukakazwa barabara. Mama anainama, anafumba jicho moja, anatazama mwanya uliopo kati ya uzi na chuma, halafu anatamka neno moja kati ya mawili: "bado" au "basi." Akisema bado, jeki inaongezwa. Akisema basi, watu wananawa mikono. Ndiyo maana wateja walimwita Mama Uzi, na jina lilimkaa vizuri kuliko hata lile alilopewa na wazazi. Rula ya chuma ilikuwepo, imening'inia msumarini inaota kutu, na hakuna aliyekuwa na shida nayo.

Sasa, ukaletwa mkono wa ekskaveta kutoka machimbo ya kokoto. Mtambo ulikuwa umeangukia ubavu, na mkono wake, ile nguzo ndefu inayobeba kijiko cha kuchimbia, umepinda kwa upande. Mume akaukaba. Jeki zikapiga kelele, mnyororo ukakatika, ukaruka na kutoboa bati la ukutani. Mkono haukusogea hata unywele. Mume akakuna kidevu, akasema chuma hiki hakitaki ubabe, kinataka moto. Ndipo akaenda kumtafuta huyo mwanamke, fundi wa kunyoosha chuma kwa tochi ya gesi.

Jioni ile mume alirudi nyumbani akiwa kama mtoto aliyepelekwa kuona ndege zikiruka. Hakugusa chakula. Alishika kijiko na kuanza kuchora juu ya meza.

"Mama watoto, yule hapigi! Anachoma kipande kidogo tu, upande ule uliobinuka nje, kinakuwa chekundu. Halafu anazima moto, anakaa. Hamwagi maji, hagongi. Chuma kinapoa chenyewe, na kikipoa kinajivuta. Anakuja tena, anachoma kidogo, anangoja. Anakibembeleza, unaona? Anakibembeleza mpaka kinakubali."

"Kinabembelezwa," alisema Mama Uzi.

"Eeh!"

"Na mimi nimebembelezwa lini mara ya mwisho?"

"Wewe si chuma, bwana," mume akacheka, akaendelea kuchora meza kwa kijiko.

Bora ningekuwa chuma, aliwaza Mama Uzi, akaondoa sahani ambayo haijaliwa.

Wivu ukianza hautafutiwi chakula, unajiokotea wenyewe. Kesho yake mume aliamka akapiga pasi ovaroli. Jamani, ovaroli! Nguo inayokwenda kulala kwenye grisi ikapigwa pasi mpaka ikatoa mstari wa mbele. Kiti chenye mgongo, kile alichokalia Mama Uzi wakati wa kusubiri, akakuta kimepewa mgeni, maana eti mtu wa moto lazima atulie wakati chuma kinapoa. Na vicheko! Wanakaa wawili hao mbele ya mkono wa ekskaveta kama watu wanaochunga maziwa yasimwagike, mara huyu kasema hivi, mara yule kajibu vile, kwa kwa kwa. Mama Uzi akiwakaribia wanamweleza kilichowachekesha, na akielezwa hakichekeshi.

Kibaya zaidi, yule mwanamke alikuwa mwema. Angekuwa na maringo, Mama Uzi angempasha na moyo ukatulia. Lakini wapi! Asubuhi ni "wifi, umeamkaje?" Chai ikija, kikombe cha kwanza anampa wifi. Akaonyesha hata jinsi ya kushika tochi ya gesi, kama wifi angependa kujaribu. Wifi hakupenda. Wifi alikuwa anakufa kidogo kidogo, na mtu wa kumlaumu hakumpata.

Halafu akamkuta ameinama kwenye uzi.

Alikuwa ametoka nje kumwaga maji tu. Kurudi, anamwona yule mwanamke kapiga goti penye ncha ya mkono, kafumba jicho moja, anatazama. 

"Wifi, tunakaribia," mwanamke alisema kwa furaha, akainuka. "Njoo uone."

Kiti achukue. Vicheko achukue, na pasi ya ovaroli pia. Lakini uzi? Uzi ukishakwenda, yeye pale atakuwa nani? Mchemsha chai. Mwanamke wa mwenye karakana, anayeletewa salamu na wateja kwa heshima tu. Usiku ule Mama Uzi hakupata usingizi, na aliyelala kando yake alikoroma vizuri sana.

Siku ya kumaliza ikafika. Moto wa mwisho ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, mkono umepoa mpaka unaweza kuulalia. Msimamizi wa machimbo alikuwa amekuja kuuchukua, kofia yake ngumu kwapani, lori linaunguruma nje. Mama Uzi akaukaza uzi, akainama, akafumba jicho.

Mkono ulikuwa umenyooka.

Yaani umenyooka hasa. Mwanya ulikuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho kama upindo wa shuka jipya. Katika miaka yote ya jeki na nyundo hakuwahi kuona kazi imetulia namna ile. Ya mumewe ilikuwa inabaki na makovu, hii haina hata kovu. Ilikuwa kazi nzuri, tena ilikuwa ya mwanamke yule. Nyuma yake akasikia mumewe anasema jambo kwa sauti ya chini, na yule mwanamke akacheka.

"Bado," alisema Mama Uzi. "Bado kidogo."

Kicheko kikakatika.

"Bado?" Mwanamke wa moto alisogea. "Wifi, mimi nilidhani tumefika. Nikiongeza moto na kumbe umefika, utapitiliza. Hebu tupime na rula." Na akaanza kwenda ule upande wa msumari.

"Rula ya nini na mke wangu yupo?"

Mume alisema hivyo kwa sauti kubwa, mbele ya msimamizi, mbele ya kila mtu. Akaweka mkono begani kwa mkewe. "Dada, kwa moto nimekuvulia kofia. Lakini jicho hili nimefanya nalo kazi tangu nina nywele kichwani, na halijawahi kunidanganya. Huyu akisema bado, mimi siulizi. Washa."

Lo! Mama Uzi wa watu. Maneno aliyokuwa akiyalilia siku zote hizo, ndiyo hayo, yamemwagwa yote mbele za watu, na yamekuja akiwa ameshasema uongo. Bado kulikuwa na nafasi. Angesema tu, "Ngojeni nitazame tena," nani angemshangaa? Alifungua mdomo. Kisha akahisi uzito wa ule mkono begani, uzito mtamu, akaona akisema sasa utaondoka. Akafunga mdomo. Tochi ikawashwa.

Chuma kikawa chekundu, rangi ikaungua na kunuka, moto ukazimwa. Wakakaa. Mkono wa ekskaveta ukapoa ukijivuta polepole, ukapita pale ulipotakiwa kusimama, ukaenda zake upande wa pili. Hata haukuhitaji uzi. Mume mwenyewe, na macho yake yale, aliuona.

"Fundi," msimamizi alisema, "mnanyoosha au mnapinda upya?"

Mwanamke wa moto alikuwa na haki ya kusema niliwaambia.  Badala yake aliinamisha uso na kuanza kukagua mitungi ya gesi, na Mama Uzi akatamani atukanwe.

"Mke wangu," mume aliuliza taratibu, "kwani uliona nini?"

"Jua lilinipiga usoni," alisema haraka. "Halafu siku hizi vitu vidogo vinanicheza. Sikutaka kukutia wasiwasi."

Alitegemea agombezwe. Badala yake uso wa mumewe ulilegea kwa huruma. "Maskini. Macho yamechoka. Umenitazamia mimi mpaka yamekwisha." Kisha akageuka. "Dada, tuurudishe. Uzi utaushika wewe mpaka mke wangu atibiwe. Na hiyo rula ilete."

Kazi ikarudiwa kutoka upande wa pili, msimamizi akiwa amenuna na lori limezimwa, na mkono ukaondoka ukiwa umenyooka. Aliyesema basi siku hiyo hakuwa Mama Uzi. Yeye alikuwa kwenye kiti chenye mgongo, amekalishwa, amepewa maji ya kunywa, amewekewa na kitambaa chenye unyevu machoni.

Nyumbani huruma ilizidi. Mume akawa anamwambia "ngazi hiyo, angalia." Akimwona na sindano, anamnyang'anya, anahangaika kutunga uzi yeye ambaye haoni hata tundu, na mke anakaa ameliona tundu wazi kama mlango. Usiku mmoja alimwona sisimizi akipanda ukuta wa pili, mwanga hafifu, na sisimizi mwenyewe kabeba kitu. Alimtazama mpaka alipoingia ufani, na hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Basi wakaenda kwa daktari wa macho. Kilikuwa chumba kidogo chenye kiti kirefu, taa, na ukutani bango la herufi, juu kubwa, chini ndogo ndogo. Mama Uzi alikuwa ameshapiga hesabu zake njiani. Atasoma mpaka katikati, kisha atababaika. Atapewa miwani. Ataivaa wiki mbili tatu, macho "yatapona," uzi utarudi mikononi mwake, na hakuna atakayejua. Alisoma mistari ya juu. Alipofika katikati akakunja uso.

"Hapo sijui ni O au ni Q. Panacheza."

"Jaribu tu, mama," alisema daktari.

"Usijilazimishe," mume alisema kutoka kwenye benchi, kwa upole. "Dada ndiye aliyenielekeza hapa. Hata yeye mstari wa mwisho ulimshinda, na yule ana macho ya mwewe."

Nyinyi mngefanyaje? Mama Uzi alijaribu. Alishika mikono ya kiti. Lakini macho ya mwewe! Yule! Na mstari wa mwisho ulimshinda!

"Ni Q," alisema. Na akashuka, mstari baada ya mstari, bila kuvuta pumzi, mpaka wa mwisho kabisa, akausoma kutoka kushoto, kisha akaurudia kutoka kulia. "Na pale pembeni kwenye ukingo wameandika jina la kiwanda kilichochapa bango. Niwasomee?"

Daktari aliinuka kwenda kuangalia ukingo, akalazimika kusogeza pua. Akacheka. "Mama, sijui nani kakutisha. Macho haya hayana ugonjwa wowote. Mimi mwenyewe sikufikii."

"Si nilijua!" Mume aliruka kutoka kwenye benchi, meno yote nje. "Si nilijua mimi! Jicho la mke wangu..."

Hakumaliza. Alisimama hapo hapo, mikono imeinuliwa nusu, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Mama Uzi alimwona anafikiri. Aliona kila kitu, maana macho yake yalikuwa mazima: mshipa wa shingoni, kope, mdomo ulivyojaribu neno na kuliacha.

"Basi siku ile," mume alisema hatimaye, "uliona nini?"

Angeweza kutaja jua tena. Alikuwa amechoka.

"Niliona umenyooka."

Daktari alianza kupanga karatasi zake. Mume hakugomba, hakuuliza kwa nini. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeelezwa njia na kuielewa. Kisha akasogea hadi kwenye kiti.

"Hebu nipishe," alimwambia mkewe, na yeye akashuka. Mume akakaa, akaweka mikono yake minene magotini. "Daktari, nipime na mimi. Nilikuwa sina haja, lakini sasa nataka nijionee mwenyewe."

Herufi ya juu, ile kubwa kama sahani, aliipata. Mstari wa pili ukamkwamisha. Alikaza macho, akasogeza kichwa mbele, kisha kwa mazoea akageuza shingo kumtazama mkewe. Mama Uzi alikuwa ameshafungua mdomo kumtajia. Mume akairudisha shingo mbele.

"Sioni," akamwambia daktari.