Mipira Tisini na Miwili

Katika mechi ile ya besiboli, wapigaji ishirini na mmoja walisimama mbele ya mrushaji Tobin Haugen, na wote ishirini na mmoja walirudi kuketi bila kufika hata kituo cha kwanza. Walibaki sita ili amalize mechi bila doa. Kwenye benchi, wenzake walikuwa wamemwachia upande mzima peke yake, kwa maana mrushaji aliyefikia hapo hasemeshwi wala hatazamwi usoni.

Babu yake, Dwight, alikuwa kwenye viti vya watazamaji, mkate wake wa soseji ukipoa mkononi. Naye aliwahi kufika hapo, miaka arobaini na minne iliyopita, akamaliza vipindi vyote tisa.

Ndipo kocha Lonnie Strand akafanya jambo lililomkata Dwight pumzi. Alikwenda akaketi kando ya Tobin, akampa mkono.

“Basi, kijana. Umerusha mipira tisini na miwili. Inatosha, mwingine atamalizia.”

Uwanja mzima ulizomea. Dwight aliufikia uzio wa nyuma ya benchi akihema.

“Lonnie! Umerukwa na akili? Wamebaki sita tu!”

“Najua kuhesabu, Dwight.”

“Mmewafanya mayai vijana hawa! Sisi tulikuwa tunarusha mpaka mwisho. Tobin, mkono unauma?”

“Hapana, Babu.”

“Umesikia?”

Lonnie alisogea karibu, akashusha sauti. “Siku yako ile, mdakaji wako, wa kupokea kila mpira uliorusha, nilikuwa mimi. Unajua ulirusha mingapi?”

“Nani alikuwa anahesabu?”

“Mimi. Mia moja sitini na mitatu. Kuanzia kipindi cha saba ulikuwa unashika kiwiko kila ukidhani hatukuoni. Mpira ulikuwa unakuja umechoka, bwana. Nilitaka kukuambia uache.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesemaje? Ulikuwa husemeshwi.”

Dwight alitikisa kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa amewasimulia watu kwamba mkono wake uliharibiwa na ngazi ya ghala la mahindi, alipoteleza majira ya baridi yaliyofuata. Alikuwa ameamini hivyo kwa moyo wote.

“Ni ile ngazi,” alisema.

“Ngazi ulisema wewe. Mimi nilinyamaza tu. Nimenyamaza mno.”

Mrushaji mpya aliingia. Mpira wake wa pili ulipigwa ukapaa mpaka kwenye nyasi za mbali, mpigaji akafika kituo cha kwanza, na watu wakamgeukia Lonnie kwa matusi. Dwight naye aliinua mkono wa kulia ili amnyooshee kidole. Kiwiko kilikwama usawa wa kifua, kama kilivyokwama kila asubuhi alipotaka kuchana nywele. Aliukodolea macho mkono ule kana kwamba ameletewa wa mtu mwingine.

“Babu? Umekasirika?”

“Tobin,” alisema, “hebu inua mkono wako.”

Tobin, bila kuelewa, aliuinua. Ulikwenda juu moja kwa moja, ukapita sikio, ukapita kofia, ukanyooka. Dwight aliushikilia uzio, asiweze kuuondolea macho mkono ule.