Kisanduku cha Evarist

Tangu mfanyabiashara mmoja wa mpunga alipotua Mpanda na simu ya mkononi kutoka Dar es Salaam, mwaka tisini na saba, Evarist fundi redio hakulala vizuri. Simu yenyewe huku haikushika chochote. Mwenyewe aliitembeza tu sokoni watu waione. Evarist aliigeuzageuza, akaona kiantena kimoja, akacheka. Yeye angetengeneza kitu cha maana zaidi: redio ya upepo ya kuongelea na redio ya kusikilizia muziki, zote ndani ya kisanduku kimoja cha kubeba mkononi.

Na alikuwa na haraka. Mariana, aliyeshika redio ya upepo ya misheni kule Mamba, angeletewa posa Jumapili na watu wa Litapunga. Evarist alimpenda msichana yule kupita kiasi, na hakuwahi kumwambia. Sasa alipanga kumwambia kwa kisanduku chake mwenyewe, muziki ukipiga taratibu nyuma ya maneno. Fundi bila mbwembwe ni fundi gani?

Alhamisi mchana aliunganisha kisanduku na antena ya misheni ya mjini, akabonyeza kitufe.

"Mamba, Mamba, hapa Mpanda. Mariana, nakupenda. Nataka nikuoe mimi. Ova."

Akaachia kitufe. Ukatoka mluzi wa kutoboa masikio, dansi juu yake, na kwa mbali kisauti cha mwanamke kisichoshikika. Redio mbili zilizobanwa pamoja zilikuwa zinagombana kama wake wenza kwenye jiko moja. Akarudia maneno yaleyale, safari hii kwa kupiga kelele. Mluzi tena.

Sasa, redio ya upepo ina ustaarabu wake: wawili wasiposikilizana, kituo kingine huwapokezea maneno. Pale Kabungu alikuwepo Mzee Salvatori, katekista mwenye sauti ya kuamsha kanisa zima. Kwa kuwa Kabungu ni karibu, sauti hiyo iliupasua mluzi wote.

"Mamba, hapa Kabungu! Mpanda anasema anakupenda! Anataka akuoe! Umepata? Ova!"

Mapadre, masista, wauguzi wa zahanati, wote waliokuwa hewani walipata. Evarist alitamani ardhi immeze.

"Mpanda, Mamba amekujibu!" akanguruma mzee. "Lakini hilo jibu silibebi mimi, kijana wangu. Lisikie mwenyewe. Ova!"

Evarist alikitazama kisanduku chake. Alikuwa amekihangaikia mwezi mzima, na roho ilimuuma kweli. Akatoa bisibisi mfukoni, akakifungua, akaing'oa redio ya muziki na nyaya zake zote, akaitupa kwenye majani. Mluzi ukakatika.

"Mariana," alisema, akibonyeza kitufe tena, "hebu rudia. Ova."

Sauti ikaja safi, na kicheko ndani yake.

"Nilikubali ulipouliza mara ya kwanza, we mwanaume, ndo ukaanza kunipigia makelele. Wahi kwa baba kabla ya Jumapili. Na huo muziki wako uuache hukohuko. Ova."