Taulo Zilizopigwa Pasi

Mke anaweza kuvumilia mengi, lakini si kusikia kwamba vitu vya mumewe vinafuliwa na mwanamke mwingine. Denise aliipata habari hiyo kwa jirani yake Mireille, akiwa anachambua maharage uani, na maharage yenyewe hayakuchambuliwa tena siku hiyo.

"Mama Héritier, bitambala ya kazi ya Papa Héritier, niliiona iko inakauka kwa Bibiane," Mireille alisema, kwa sauti ya kutoa pole huku macho yakichekelea.

"Bibiane gani?"

"Ule wa saluni, pembeni ya lavage. Ule alitoka Bambu."

Denise alimjua. Nani mtaani Shari, mjini Bunia, asiyemjua Bibiane? Mwanamke asiye na mume, mwenye saluni ya mabati na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Na lavage, pale mumewe Claude anapooshea magari ya watu, iko hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Wivu ulimpanda Denise mpaka masikio yakapata moto.

Kumbe ndiyo sababu! Zamani Claude alirudi kila jioni na mfuko wa taulo za kukaushia magari, pamoja na zile glavu za manyoya anazosugulia bodi, na Denise alizifua kwa mikono yake mwenyewe na kuzipiga pasi. Tangu Pasaka mfuko haukuonekana tena nyumbani. "Niko nafula miye mwenyewe kule kazini, weye pumzika," Claude alimwambia, naye Denise akajisifu kwa wenzake kwamba ameolewa na mtu mwenye huruma. Alipumzika kweli. Kumbe alikuwa anapumzishwa!

Kwao Aveba, alikokulia, mwanamke akianza kumfulia mwanaume watu hawaulizi swali lingine. Wanaanza tu kumsalimia kwa jina la mke. Denise aliwaza Bibiane akiitwa kwa jina lake, Mama Héritier, mbele ya mlango wa saluni.

Ijumaa mchana alijifunga kitenge akaenda. Bibiane alikuwa anasuka kichwa cha mteja, na nyuma yake, ndani kabisa ya saluni, taulo za Claude zilining'inia kwenye kamba, peke yake, bila nguo nyingine. Za bluu upande mmoja, za kijani upande mwingine, na glavu zimegeuzwa ndani nje. Zilipangwa kwa upendo, Denise aliona hivyo, na roho ilimuuma kuliko kama angekuta shati la mumewe kitandani.

"Nimekuya kukamata bintu ya bwana yangu," alisema.

Bibiane aliacha kusuka, akamwita dada mkubwa kwa heshima. "Karibu, yaya. Ikamate, hakuna shida. Lakini uangalie, ile bitambala haipend..."

"Usinifundishe kufula! Miye niko na muke ndani ya nyumba yake, weye uko nani?"

Kwa hasira maneno yalitoka yamepinduka, na mteja aliyekuwa anasukwa akainamisha kichwa kuficha kicheko. Denise alizivuta taulo zote kutoka kwenye kamba, na glavu nazo, akazijaza kwenye beseni na kuondoka shingo juu. Bibiane alirudi kwenye nywele za mteja wake. Hilo nalo Denise alilihesabu kuwa dharau.

Nyumbani alifua kama anayefua aibu. Alitia sabuni ya unga mpaka povu likamwagika, akasuuza, kisha akamimina ile dawa ya maji yenye harufu ya maua inayolainisha nguo, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mashuka ya wageni. Akazianika juu ya ua wa miti, juani. Na kwa kuwa zilikauka nje, alizipiga pasi. Hilo halina mjadala Bunia: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa, na asiyepiga pasi atakuja kukamua funza mgongoni mwa mumewe. Mama mwenye akili hupiga pasi kila kitu, hata soksi, hata nepi. Denise alijaza makaa mekundu kwenye pasi na kuibonyeza juu ya kila taulo, upande huu na upande ule. Glavu nazo alizibonyeza mpaka manyoya yakalala.

Claude alirudi akamkuta kwenye taulo ya mwisho. Alisimama mlangoni. Alitazama pasi, akatazama zile taulo zilizokunjwa kwenye meza, akafungua mdomo.

"Nilienda kuzikamata kwa ule mwanamke," Denise alisema kabla yake. "Iko na neno?"

Claude akasogea mezani. Akaivuta taulo moja, akainusa. "Inanuka muzuri," alisema, akaenda kunawa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya gari jeusi la Muzee Baudouin, linalokodishwa kubeba maharusi. Kila Jumamosi lazima ling'ae mpaka bibi harusi ajione uso kwenye mlango, na gari hilo ndilo lililoweka chakula katika nyumba ya Denise miezi ile ambayo barabara ya Bambu ilifungwa na magari ya wachimbaji dhahabu hayakuja mjini. Wenzake Claude walikuwa wanalimezea mate siku nyingi.

Denise alivaa kitenge chake cha kwaya akaenda kusimama pale lavage. Alitaka aonekane. Hasa alitaka Bibiane aone taulo zinatoka mkononi mwa nani, na ndiyo, Bibiane alikuwa mlangoni kwake, na chanuo mkononi.

Claude alimaliza kuosha. Gari lilikuwa linachuruzika maji, na vumbi jekundu la asubuhi lilikwisha kuanza kuamka, kwa hiyo ilibidi gari likaushwe upesi. Aliinama juu ya mfuko. Akageuka kumtazama mkewe, ambaye alimpa tabasamu kubwa. Akachukua taulo ya juu kabisa, ile iliyonukia maua, akaanza kufuta.

Maji hayakunywewa. Yalisukumwa tu huku na huku juu ya bati. Claude alibonyeza zaidi, akabadilisha taulo, akabonyeza tena, na jua lilipopiga boneti, Denise mwenyewe aliiona: mikwaruzo myembamba, mingi, ikizunguka kila mahali mkono wa mumewe ulipopita. Tabasamu likamfia mdomoni.

Muzee Baudouin, aliyekuja kuchukua gari lake, alipitisha kidole juu ya boneti. Hakupiga kelele. "Claude, hii ni gari ya bibi harusi."

"Ni kosa yangu, muzee," Claude alisema. "Ni miye nilifula bitambala mubaya."

"Samedi yenye kukuya, usiningojee." Jumamosi ijayo, basi, gari jeusi lingeoshwa na mwingine.

Denise alisikia yote. Aligeuka kumtafuta Bibiane, akitegemea kumkuta anacheka, akaomba hata acheke ili apate wa kumtukana. Bibiane hakucheka. Alikuwa ameinamisha macho, na hapo Denise akaelewa kwamba yule mwanamke alijua tangu mwanzo.

Jioni walikaa kula, wao wawili, mtoto amelala. Ugali ulikuwepo na sombe ya majani ya muhogo ilikuwepo, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ni pasi?" Denise aliuliza.

"Ni pasi. Moto inayeyusha nyuzi yake, inakuwa ngumu, inakwaruza. Na ile dawa ya harufu inaikataza kunywa maji. Kwa Bibiane inakauka ndani, inzi haifike, basi haiombe pasi."

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu Pasaka. Gari moja ilikwaruzika."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

Claude alikuna shingo. "Ulikuwa unaipiga pasi na furaha, Mama Héritier. Ulikuwa unaimba."

Hapo ndipo wivu ulipomrudia Denise, na safari hii ulikuwa mkali kuliko wa jana. Mumewe hakumpa Bibiane mapenzi, alikuwa na hakika sasa. Alimpa ukweli. Yeye, mke wa ndoa, aliyevishwa pete kanisani, alikuwa anapewa maneno matamu na kunyamaziwa, na mwanamke wa saluni ndiye aliyeambiwa jambo lilivyo. Machozi yalimtoka kwa hasira, akayafuta kwa kiganja, akasukuma sahani ya sombe mpaka mbele ya Claude.

"Na hii?"

"Hii ni nini?"

"Sombe yangu. Sema kweli leo. Ukisema ni muzuri nitakutupia."

Claude alitazama sahani. Alimtazama mkewe. Akatazama mlango, kana kwamba kuna mtu wa kumwokoa.

"Chumvi," alisema polepole. "Unatiaka chumvi mingi."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mariage."

Yaani miaka yote ya ndoa! Ilimuuma Denise, naye alingoja imuume mpaka iishe, kisha akamsogelea mumewe kidogo kwenye benchi.

"Bibiane anajua hii?"

"Hapana," Claude alisema. "Ni weye tu."

Denise alimega ugali, akachovya, akala.