Damu Iliyobaki Ng'ambo

Jumanne, saa nne asubuhi, Nashon Omanga alikuwa amechutama kando ya barabara ya Isebania mjini Migori, akifungua nati ya gurudumu la pikipiki, spana ilipomgandia kiganjani. Aliivuta, ikatoka na ngozi kidogo. Jua lilikuwa kali na lami imeanza kulainika. Mwenye pikipiki alimwona akitoa moshi mweupe mdomoni, akamshauri avae sweta kisha amalize kazi, maana abiria walikuwa wakingoja.

Nashon alijua baridi ilikotoka. Wiki iliyotangulia, chupa ndogo sitini na mbili za damu yake zilipakiwa kwenye ndege, zikapelekwa ng'ambo na kufungiwa katika friji yenye nyuzi themanini chini ya sufuri. Damu ni ya mwenyewe hata ikiwa mbali.

Ulikuwa utafiti wa sindano ya kuongeza kinga. Wataalamu walitaka kuufundisha mwili kuviwinda virusi vya Ukimwi kule vinakojificha, ili siku moja mtu aweke vidonge chini na asivirudie tena. Nashon alijiunga huko Homa Bay, mbali na macho ya Migori, kama alivyokuwa akichukulia dawa zake huko kwa miaka sita. Na kwa kuwa macho hayana mpaka, tangu mwanzo alijiandikisha, kwa dawa na kwa utafiti, kwa kitambulisho cha zamani cha binamu yake, Tony Osoro, ambaye walifanana sana. Katika foleni ile, nusu ya watu walikuwa watu wengine. Alidungwa sindano tisa, akaacha vidonge kama alivyoelekezwa. Wenzake virusi viliwarudia wiki ya nne. Yeye vilimrudia wiki ya kumi na moja. Akarudishiwa vidonge, akashukuriwa kwa soda na mkate, na utafiti ukafungwa.

Mtaani, baridi yake ilizoeleka upesi. Mellen, muuza samaki, alihamisha meza yake hadi kwenye kibanda cha Nashon, akampangia samaki wake, mbuta na ngege, mgongoni, chini ya turubai. Walikaa siku tatu bila kunuka.

"Fundi, usigeuke hivyo," alisema. "Unaniharibia wale wa kushoto."

"Mimi si barafu, Mellen."

"Barafu ya Homa Bay inaisha ikifika Rongo. Wewe umefika mzima. Kaa hapo."

Mwezi huo mkewe, Scovia, aliyejua habari zote, alijifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu, mama yake Nashon alisema mtoto atolewe nje kama ilivyo desturi, baba yake ampokee mlangoni. Nashon alivaa makoti mawili na glavu za kuendeshea pikipiki, akanyoosha mikono. Midomo ya mtoto ikageuka buluu kabla bibi yake hajamaliza kumtaja jina. Scovia akamchukua na kumsitiri kifuani.

"Enda uwaambie wamwage hiyo damu," alimwambia mumewe. "Mtoto ni wako. Lakini hutamshika na baridi hiyo."

Ofisi ya utafiti huko Homa Bay ilikuwa imebaki chumba kimoja na afisa mmoja, Lynnet, aliyekuwa akifunga mafaili kwa kamba. Nashon alipoketi, Lynnet alijifunika leso mabegani, akafungua fomu.

"Mshiriki ana haki ya kujiondoa wakati wowote," alisoma, "na kuomba sampuli zake ziharibiwe. Sawa kabisa. Kitambulisho?"

Nashon akampa chake na kadi ya utafiti; kile cha Tony kilikuwa kimepasuka kwa baridi mfukoni.

"Sampuli ni za Tony Osoro."

"Tony ndiye mimi."

"Hapa umeandikwa Nashon."

"Nilikuwa naficha jina, dada. Kwani baridi hii si ushahidi?"

Lynnet alimgusa mkono, akapangusa kidole kwenye sketi. "Baridi ni yako, hilo naliona. Sahihi ndiyo si yako. Mlete Tony."

Tony alikuwa na duka la simu Rongo na mchumba aliyeitwa Lorine. Alimsikiliza binamu yake hadi mwisho, mkono ukiwa juu ya kaunta.

"Omera, ndugu yangu, unaniambia jina langu liko kwa kitabu cha Homa Bay miaka sita?"

"Weka sahihi tu, litoke."

"Nikiweka sahihi nimekubali ni mimi. Na shangazi yake Lorine ndiye anafagia hiyo ofisi." Akamsogezea chai. "Wewe ulificha jina lako nyuma ya langu. Sasa langu nilifiche nyuma ya la nani?"

Chai ilifanya utando wa barafu kabla Nashon hajaifikisha mdomoni. Tony aliimwaga, akamletea nyingine iliyochemka zaidi, lakini sahihi hakuweka.

Nashon alimpigia Lynnet simu kila Ijumaa. Ijumaa ya sita, Lynnet alimsomea barua iliyotoka ng'ambo. Damu iliyovizuia virusi wiki kumi na moja ilikuwa na thamani kubwa kwa wanaotafuta tiba. Ingetunzwa miaka kumi na mitano, katika tangi lenye baridi kali kuliko friji ya kwanza.

"Wanamshukuru sana Tony," Lynnet alimalizia.

Mellen aliongeza meza ya pili. Nyumbani, Nashon alilala jikoni, karibu na meko. Binti yake alimwona kwa mbali, akiwa mgongoni mwa mama yake, akamcheka kama watoto wanavyowacheka kuku.

Alipotimiza miezi minne, Jumapili moja mchana, mtoto alishikwa na malaria. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa, wakamwambia Scovia ampoze mwili kwa kitambaa chenye maji. Scovia alirudi nyumbani, akamvua mtoto nguo zote, akaingia jikoni na kumlaza kifuani pa Nashon.

Mtoto aliungua kama kaa la moto. Alitoa mvuke kidogo, akatulia. Nashon aliona kwamba ana mizunguko miwili ya nywele kisogoni, na kwamba hukunja ngumi akilala. Yeye mwenyewe hakupumua kwa nguvu, asije akamwamsha. Walikaa hivyo hadi kivuli cha mlango kikafika mekoni.

Scovia akanyoosha mikono. "Leta."

"Bado ana joto kidogo," alisema Nashon.

Scovia alimgusa mtoto shingoni.

"Hana," alisema.

Nashon akamrudisha.